TV Yangu na Mkesha wa Pasaka

Jumatatu, 28 Aprili
Ushindi! Mwalimu Nzembi, anayetufundisha kwaya, ametangaza kuwa video ya mkesha wa Pasaka iko tayari na tutaitazama pamoja Jumapili. Nyumbani kwa nani? Kibe wa tenori aliinua mkono. Mimi wa besi nikainua yote miwili. Nimepewa mimi, kwa kuwa Hurlingham ninakokaa ni karibu na kanisa na Kibe anakaa mbali, Loresho. Kasiva, aliyeongoza wimbo siku ile, alinitabasamia. Mimi!
Kibe, kwa ule upole wake wa kuudhi, akauliza TV yangu ina taa za aina gani nyuma. Nikasema za kisasa kabisa. Ninachojua kiko nyuma ya TV yangu ni vumbi.

Jumanne, 29 Aprili
River Road, saa ya lanchi. Mwelu anayeuza TV amenifungua macho. Kumbe kioo chenyewe hakitoi mwanga! Ni kama pazia tu. Taa ndizo zinazomulika kutoka nyuma. TV za zamani zilitumia mirija ya taa kama ile ya jikoni. Nyembamba kama yangu zina taa za LED ukingoni tu, ndiyo maana weusi wake unafanana na majivu. Nyingine zimetandaziwa taa nyuma yote, zikififia pale penye giza. Ya Kibe, nilipomweleza Mwelu, haina taa ya nyuma hata moja. Kila kitone kinajiwakia chenyewe. Giza lake ni giza kweli.
Video yetu yote ni giza na mishumaa!
Mwelu alitaka kuniuzia TV nyingine. Nikachukua ukanda wa taa za kupamba sebule. Akaniita nikiwa mlangoni: "Boss, hizo ni za ukuta! Usiziweke ndani ya TV!"
Wivu wa kibiashara.

Alhamisi, 1 Mei
Sikukuu. Nimefungua TV. Nimebandika ukanda nyuma yote, kulia hadi kushoto. Nimeirudishia mgongo. Skrubu chache zimebaki mezani. Bila shaka hazikuwa na kazi. Nimewasha. Inang'aa kama uwanja wa mpira! Fundi gani angethubutu kufanya hivi? Hakuna.

Jumapili, 4 Mei
Walijaa sebuleni hadi jikoni. Kasiva akakaa mbele kabisa. Video ikaanza: kanisa gizani, mshumaa mmoja. Nilikuwa tayari kupokea pongezi.
Ndipo kwaya ikaanza kuimba. Kumbe taa zile hucheza kwa muziki! Besi wakiingia, nyekundu. Soprano wakipanda, kijani. Tulipofika "Amefufuka", Kasiva alikuwa zambarau, na vitone usoni kama mgonjwa wa surua. Mwalimu Nzembi akauliza kama hapa ni Pasaka ama ni klabu. Kisha paa! Harufu ya kuungua. Picha ikatoweka. Haleluya ikaendelea gizani mpaka nikachomoa waya.
Kibe hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Twendeni kwangu, chai iko." Wakatoka wote. Nami nikapanda gari lake, kiti cha nyuma.
TV yake, nikubali nisikubali, ni maajabu. Giza zito, mishumaa ikielea. Nikawaona wote, mmoja mmoja, hadi kikohozi cha mzee wa kanisa. Mimi sikujiona. Usiku ule wa mkesha nilikuwa nimesimama ukutani, na mshumaa wangu ulizimwa na upepo wa dirishani. Kwenye weusi wa majivu ningeonekana walau kama kivuli. Kwa Kibe, hata sikio halikuonekana.
Kasiva akanigeukia kwa huruma. "Pole, Ngui. Kumbe siku ile ulikuwa mgonjwa?"

Jumanne, 6 Mei
Siku njema mno! Kibe amesafiri kwenda kwa mamake Murang'a. Ameniachia ufunguo nimwagilie maua yake. Mtu mwema kabisa. Sijui kwa nini simpendi. Kasiva atapita Jumamosi kunisaidia!
Nimekunywa maji ya baridi kutoka friji yake. Jamani! Taa moja tu, tena pembeni! Sukuma wiki ya chini inaishi gizani. Mtu wa hadhi yake!
Atakaporudi hataamini macho yake. Nimeshaitoa sukuma wiki, nimeshaitoa siagi. Sasa natafuta mahali mgongo wa friji unapofungukia.