Maneno Yote Yawemo

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya mkuu wa maktaba ndogo ya utafiti iko wazi! Ijumaa Mkurugenzi atachagua: mimi au shemeji, dada wa mke wangu. Yeye ana droo za kadi zinazoonyesha kila kitabu kilipo. Mimi nina kompyuta inayosoma vitabu vyetu vyote neno kwa neno. Nimeshaipenda meza ya mkuu, ile ya dirishani.
Leo daktari wa mifugo ameandika: mbuzi, magonjwa. Vimekuja vitabu mia nne, hadi cha mapishi. Aibu! Nikabadili mpangilio: kitabu kisicho na maneno yote mawili kisitokee. Vimebaki vitatu. Daktari kanishukuru. Shemeji kanuna.

Jumanne, 4
Kikwazo kidogo. Vitabu vyetu ni vya lugha tatu, kila kimoja na lugha yake, na daktari leo kachanganya: neno moja la Kiswahili, moja la Kifaransa. Hakuna kitabu. Shemeji kafungua droo, kamletea viwili, kisha akanitabasamia. Bora angenuna.

Jumatano, 5
Dawa nimeipata! Ukiandika mbuzi, kompyuta sasa yenyewe inaongeza mbuzi wa Kifaransa na wa Kiarabu. Maneno matatu badala ya moja, itakosaje? Mke wangu kaniomba nijaribu kwanza. Nikamwambia mtaalamu hajaribu, anatenda.

Alhamisi, 6
Mbuzi: kitabu kimoja, kamusi ya lugha tatu. Maji: kamusi. Mifupa: kamusi ileile. Daktari kaondoka nayo kwa hasira.
Shemeji alinivuta pembeni.
“Shemeji, bado umeiambia idai maneno yote. Sasa inatafuta kitabu chenye mbuzi kwa lugha tatu kwa mpigo. Iambie lolote kati ya hayo matatu linatosha.”
Nikamjibu kwamba najua. Sikujua. Lakini kurekebisha leo ni kukiri, na kesho ndiyo siku yenyewe. Nimeacha hivyohivyo.

Ijumaa, 7
Mkurugenzi aliomba kitabu cha ukunga alichoandika marehemu mama yake. Nikaandika. Kamusi. Nikaandika tena, polepole. Kamusi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake hakuwahi kuandika kamusi.
Shemeji alivuta droo ya nne. Baada ya dakika moja Mkurugenzi alikuwa amekikumbatia kitabu, machozi yamemlengalenga. Hapo nikajua meza ya dirishani imekwenda. Imeniuma, sifichi.
Shemeji ndiye mkuu. Mpangilio wangu kaufuta kabla ya chai. Mimi nimehamishiwa kwenye droo.
Nimezikagua jioni hii. Vurugu tupu! Mtu yeyote anavuta tu, inafunguka. Nimeshamwita fundi: kila droo makufuli matatu, ufunguo mmoja wangu, mmoja wa shemeji, mmoja wa Mkurugenzi. Mmoja ukikosekana, droo haifunguki.
Jumatatu watanishukuru.