Sukari Kahamia kwa Bayumi

Jumamosi, 12 Oktoba
Sukari hajarudi! Jana jioni kundi langu la njiwa lilikuwa hewani, Bayumi wa ng'ambo ya barabara naye akarusha lake. Yakachanganyika. Yalipoachana, njiwa wangu bora alikuwa upande wa pili. Wa mwisho katika uzao wa njiwa wa marehemu baba! Sheria ya wafuga njiwa wa mapaa ya Kairo inajulikana: njiwa akitua kwako, ni wako. Sheria ya kipuuzi. Mwaka jana nilipomnasa jike wa Bayumi niliiona ya haki kabisa.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimepata dawa. Nimemrusha Malkia, jike wangu mrembo, amrubuni Sukari amrudishe. Nikangoja mpaka chai ikapoa. Malkia katua kwa Bayumi, kala mtama, kalala huko huko. Mke wangu Nagua akauliza kama na mimi nitahamia, maana anatafuta pa kuanika nguo.

Jumanne, 15 Oktoba
Tangu jana nimelinyima kundi zima chakula, ili nikiwarusha leo njaa iwarudishe mbio, na Sukari awafuate. Mbio walikwenda kweli, kwa Bayumi! Alikuwa anamwaga mtama na kupiga mluzi. Na mluzi ule! Mmoja mrefu, miwili mifupi. Mluzi wa baba. Alitufundisha mimi na Bayumi kwenye paa hili hili, enzi hizo sote mapengo. Baba alishika bendera ya kuwaongozea njiwa, sisi tulishika suruali yake tusianguke. Mama alipandisha taamiya za moto, bajia zake za maharage, tukala huku njiwa wakigeuka pamoja, weupe, kijivu, weupe tena. Jamani, nimezikumbuka jioni zile. Nikakaa juu ya ndoo, nikalia kidogo. Vumbi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Bayumi kanipigia kelele mtaa mzima ukisikia: "We Shukri! Acha kununa, njoo unywe chai!" Nimekwenda kwa heshima ya marehemu tu. Nikamkuta Nagua huko na mke wa Bayumi, anacheka kama zamani. Bayumi kasema hakumwibia mtu njiwa, ndege hufuata wenzao, na nichukue wangu wote. Akamtia Sukari kikapuni kwa mkono wake. Tukarusha makundi pamoja mpaka jua likazama. Sijafurahi hivi tangu msiba wa baba.

Ijumaa, 18 Oktoba
Asubuhi nimemfungulia Sukari. Kazunguka mara moja, huyoo, kwa Bayumi! Bayumi kaniambia kwa upole kwamba Sukari ana mwenza huko, na mayai. Nimwache tu, niwe nakwenda mimi kila jioni, chai haikosekani. Nikamshukuru kwa moyo wote, tukakumbatiana. Hapo ndipo nikaona komeo la banda lake limelegea. Kesho akienda sokoni nabeba mwenza, mayai na kiota chenyewe, tuone Sukari atakwenda wapi! Nimekuja kumweleza Nagua, hayupo. Yuko kwa Bayumi, kicheko chake nakisikia hapa. Naye itabidi nimtafutie mpango.