Jakuzi la Uani Kwetu Ghubra

Jumatatu, 3 Februari 2003

Fikra ya maisha yangu! Imenijia leo asubuhi nikiwa bado kitandani. (Baba anasema ndo pahala fikra zangu zote zinapozaliwa na zinapofia.)

Rafiki yangu Awadh anafanya kazi hoteli moja Qurum, hapa hapa Maskati. Wanabomoa bafu za zamani. Kuna jakuzi! La duara, zima kabisa, watu sita wanaenea, maji yanatokota kama supu. Wanalitoa bure! Sharti: liondoke Jumamosi baada ya sikukuu, na anayelichukua awe keshatayarisha pahala pa kuliweka. Mpinzani wangu ni Aws, mtoto wa ami Ghanim. Na yeye analitaka. Kwao wana bwawa zima la kuogelea! Maji yote hayo ya nini?

Mie nna sababu nzito. Baba kaapa: sikukuu ikimalizika sina cha maana cha kuonesha, Jumapili naanza kazi ofisini kwa ami Ghanim. Kupiga mihuri! Mpaka nizeeke! Lakini nikiwa na jakuzi uani, wazee wote wa Ghubra wenye magoti mabovu watapanga foleni mlangoni. Biashara hiyo! Kwanza jakuzi moja. Kisha... nisiseme mapema.

Baba nimemwambia asubiri sikukuu, nnamtengenezea kitu uani. Sikumwambia kitu gani. Jambo la ghafla ndo tamu.

Jumatano, 5 Februari

Nimechimba. Mikono malengelenge matupu. Ardhi yetu juu mchanga, chini mchanga, katikati jiwe moja lenye roho mbaya. Fundi sikumtaka. Ufundi nimeusoma kwenye intaneti: picha nne, na ya nne haikufunguka. Nimefahamu lakini. Shimo la duara, kina kifuani.

Bibi kaja na mkongojo wake, kachungulia, kauliza kafa nani. Nikamwambia hajafa mtu, Bibi. Akasema basi nifukie upesi, shimo likikaa wazi linaita. Dada yangu Shurooq akasema halina haja ya kuita, akili zangu mie Msellem zimo ndani zamani. Nikamtupia koleo la mchanga. Likampata Bibi. Nimeomba radhi mpaka Magharibi.

Jumamosi, 8 Februari

Kingo zinaporomoka! Dawa: mawe ya wadi, ule mto mkavu. Nimeyabeba kwa gari ya Mama, safari nne. Mama hajajua kwa nini gari inanesa. Nimeyapanga kuzunguka shimo lote, nimeyakandika kwa udongo mwekundu. Mashallah, kazi safi! Ukipiga kofi linaitika.

Aws kapita, na miwani yake ya jua. Kauliza maji yakichafuka yatatokea wapi. Nikamjibu yatakwenda yanakokwenda maji yote. Kacheka mpaka kavua miwani. Kasema ofisini kwa baba yake keshanichagulia kiti, kile kisichozunguka. Chake yeye kinazunguka. Haya! Tutaona atazunguka nani.

Suala la maji machafu: nitalifikiria baadae.

Jumanne, 11 Februari, siku ya Arafa

Balaa. Au baraka. Sijui!

Nimefunga, nikajinyoosha kidogo baada ya Adhuhuri. Nikaamka nasikia sauti uani. Natoka: Baba kasimama ukingoni mwa shimo langu, na ami Ghanim, na majirani chungu nzima. Macho ya Baba mekundu. Kanishika bega. Baba! Bega! Akawaambia watu kwamba tangu turudi kutoka Unguja, kila Sikukuu ya Mfungo Tatu sisi ni kubeba nyama mpaka Ibra, kuomba nafasi ya kufukia shuwa yetu, nyama ya kuokwa chini ya ardhi, kwenye tanuri za watu. Na leo mwanangu huyu, akasema, niliyemdhani hana analolijua ila kulala, kanichimbia tanuri langu mwenyewe nyumbani kwangu!

Tanuri! La shuwa!

Nikalitazama shimo. Duara. Mawe. Udongo mwekundu. Kesho Idi. Ya Rabbi, hata mie ningesema tanuri. Oman nzima nani anachimba shimo namna hiyo wiki hii kwa jambo jengine?

Nilitaka kusema kweli, wallahi. Nimefungua mdomo. Baba akaniita injinia. Nikaufunga.

Alhamisi, 13 Februari, sikukuu pili

Tangu asubuhi kuni zinaunguzwa ndani ya jakuzi langu.

Zilipokuwa makaa, zikaingia nyama, zimeshakolea viungo, zimefungwa majani ya mgomba na kutiwa ndani ya makanda. Kanda letu, la ami Ghanim, ya mtaa mzima! Kila mtu na alama yake, huyu waya, yule kitambaa, ami Ghanim kafunga tai ya zamani. Bati juu, mchanga juu ya bati. Moshi ukitokeza popote nyama inaungua, basi wazee wanalizunguka wanatafuta pa kuziba, na wanamwita nani? Injinia! Hapa, Msellem! Na pale, mwanangu!

Jirani yetu Saud kauliza kwa nini nimelifanya pana hivi. Nikamjibu nilitazama mbele. (Si uongo!)

Mpango haujaharibika hata kidogo. Nyama ikitoka shimo litakuwa tupu. Nazoa majivu, natia jakuzi. Safi.

Ijumaa, 14 Februari

Shuwa imetoka! Unaitazama tu, inaachana na mfupa. Ghubra nzima ilikuwa uani kwetu. Bibi kasema tangu ashuke Maskati hajala mfano wake, kisha akataka tena ahakikishe. Ami Ghanim kala, akanawa, akamwambia Baba kijana huyu si wa mihuri. Baba kasema watazungumza. Watazungumza! Nimeshapona!

Aws kaomba nyongeza. Nimempa mfupa.

Jumamosi, 15 Februari

Lori limefika na Awadh na watu wanne. Baba kauliza beseni la nani. Nikamwambia hii ndo sehemu ya pili ya zawadi. Nimeyagusa majivu: baridi. (Ya juu.) Kuyazoa sikuwahi, lori lina haraka. Tukaliteremsha. Likakaa kama yai ndani ya kikombe! Nikatia mpira wa maji. Na maji yakaanza kupata moto wenyewe! Bila umeme! Nikawaita wote. Bibi akavua viatu.

Kisha harufu. Kama kandambili juu ya jiko.

Kumbe chini makaa bado yana moto, na jakuzi plastiki. Likalainika, likachanika, maji yote chini kwa pamoja. Pwaaa! Wingu jeupe mpaka juu ya paa. Majirani wakatoka mbio na sahani.

Katikati ya mvuke, pale ukingoni, Bibi akapiga kelele asiondolewe, magoti yanaona raha.

Baba kangoja mpaka nikaonekana tena. Akauliza, taratibu sana, kwani nilipolichimba lilikuwa tanuri? Nikasema kweli yote. Aws alikuwepo, kainama anashika mbavu. Baba akahukumu: shimo libaki, mtaa unalitaka. Beseni litoke kabla ya Magharibi. Na mie kesho asubuhi nikaripoti kwa ami Ghanim, na kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi. Akaingia ndani. Baadae nimemsikia anacheka, anamwambia Shurooq amuhadithie tena pale pa sahani.

Jumapili, 16 Februari

Kazini, Khuwair ya Kusini. Kiti hakizunguki kweli. Nimepiga mihuri mpaka kidole kimegeuka buluu. Nimejiinamia, nimeona maisha ndo yamekwisha.

Saa ya chai nikafungua mlango wa nyuma nipate hewa. Kumbe kuna ua wa nyuma! Mtupu! Kivuli, ukuta pande zote, bomba la maji lipo tayari! Mara hii moto sitaki hata kuusikia. Samaki! Birika kubwa la kufugia samaki, ofisi zote za Khuwair zinunue chakula cha mchana kwetu. Nimeshapima kwa hatua.

Ami Ghanim kaniona, kauliza nafanya nini huku. Nimemwambia anipe wiki moja tu, asiulize kitu, atafurahi mwenyewe.