Kompyuta Ndani ya Friji

Jumapili, 2 Juni

Nimeamua. Kompyuta ya nyumba hii inahama.

Mchana tulikuwa kwa Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi simu. Alituita tukaone kasha jipya la kompyuta yake. Vioo pande zote, ndani taa za rangi zinapokezana bila kupumzika. Meza ndefu, skrini mbili, kiti cha kuzunguka chenye mto wa shingo. Mke wangu akakikalia, akazunguka mara mbili, akasema hapa mtu hata akiandika barua ya kuacha kazi ataiandika kwa furaha. Nikasema taa nyingi huvuta wadudu. Hakuna aliyecheka.

Yetu ni boksi la bati la kijivu, chini ya meza, ubavuni mwa ndoo. Mimi ni fundi wa majokofu mwaka wa kumi na tisa huu, mtu ninayeamkiwa na mtaa mzima, na kompyuta yangu inaishi na ndoo.

Adui wa kompyuta ni nani? Joto. Na mtaa huu nani anajua kulifukuza joto? Basi.

Jumatatu, 3 Juni

Karakanani ipo friji nyeupe ya mlango mmoja. Mwenyewe aliitelekeza mwaka juzi. Kompresa nzima, gesi nimejaza kwa mkono wangu. Mpango: kompyuta ndani ya friji, skrini nje, katikati ya mlango. Shemeji na vioo vyake atafute pa kujificha.

Tatizo moja dogo. Mwalimu (ndivyo ninavyomwita mke wangu, anafundisha chekechea) Jumamosi saa nne asubuhi anautetea mradi wake wa stashahada mbele ya jopo la watu watatu, kwa video, kwa kompyuta hiyohiyo. Miaka minne amesomea nyumbani. Amesoma akipika, amesoma akifua, amesoma mimi nikikoroma. Akianguka Jumamosi anarudia mwaka mzima. Leo asubuhi amenishika mkono akaniomba jambo moja tu: nisiiguse kompyuta mpaka Jumamosi ipite. Nikaapa.

Kutwa nimelipima neno lile. Alisema nisiiguse. Kuhama hakukutaja. Halafu hii ni zawadi. Mwanamke hawezi kutetea mradi wa miaka minne kando ya ndoo.

Jumanne, 4 Juni

Mwalimu kaenda kazini, mimi nikaleta friji kwa mkokoteni. Sebuleni, kona ya kushoto. Nimetoboa nyuma, nimepitisha nyaya, tundu nimelijaza povu la kuzibia. Limekauka, gumu kama jiwe. Ubao mkuu wa kompyuta nimeupigilia riveti ukutani mwa friji. Kazi safi. Hautoki leo wala kesho.

Zile feni mbili ndogo za ndani nimezing'oa. Feni ndani ya friji ni mwavuli chumbani. Nikampelekea Shemeji kwenye kibanda chake mbele ya nyumba yake, nikamwambia azitumie yeye ambaye kompyuta yake inahangaika na joto. Akashukuru kwa moyo mweupe. Hilo limeniudhi.

Mwisho nikaiinua miguu ya mbele kidogo, friji iegemee nyuma, mlango ujifunge wenyewe. Mafundi wengi hawalijui hili.

Mwalimu aliporudi alisimama na mkoba begani. Akauliza kompyuta iko wapi. Nikafungua friji. Akauliza kiapo changu kiko wapi. Hapo nikaona afadhali niwashe. Ikawaka, skrini inang'aa mlangoni, ndani nyuzi joto nne, faili zote zipo. Akavuta kiti, akaandika mistari miwili, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kichekesho, lakini kweli inakwenda kasi. Akanigusa bega. Mwanamke huyu nampenda, acha niseme.

Jumatano, 5 Juni

Sikumhesabu mama mkwe.

Anaishi nasi, anaamka kabla ya jogoo. Alikuta friji sebuleni, akamshukuru Mungu kwamba hatimaye mkwe wake ameona umuhimu wa friji ya pili. Nilipoamka palikuwa na jagi la maziwa, mayai sita na nusu ya kabichi, kabichi yenyewe imeegemezwa kwenye ubao mkuu.

Nikamweleza kwa adabu zote. Nimemwita Mama mara nane katika maelezo hayo. Akasema amenielewa. Saa sita kabichi imerudi. Akasema kompyuta hali kabichi, basi wasiwasi wa nini.

Nimebandika karatasi yenye herufi kubwa: HII SI FRIJI. Akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma. Akauliza kama siku hizi huko karakana nakula vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Maji yamezidi unga.

Kompresa haikupumzika tangu juzi. Nilidhani ni bidii. Kumbe kompyuta inatoa joto, friji inalikimbiza, na Mama anafungua mlango kuchukua yai, kurudisha yai, kutazama kama maziwa yamepoa. Hewa ya nje ikiingia inakutana na baridi, baridi inatoa jasho. Jambo hili nawaambia wateja mara tano kwa siku: msifungue-fungue mlango, friji itatoa jasho. Nawaambia kwa ukali.

Saa kumi jioni Mwalimu alikuwa anafanya mazoezi, amefika ukurasa wa arobaini, pale anapoeleza jinsi watoto wanavyojifunza kuhesabu kwa vizibo vya chupa. Skrini ikazima. Nikafungua mlango. Tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye pembe ya ubao. Likadondokea kwenye mayai mbele ya macho yetu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema katika miaka minne ameogopa mitihani, ameogopa umeme kukatika, ameogopa kusahau alichosoma, lakini hakuwahi kudhani siku moja ataogopa friji. Akaingia chumbani. Nilimsikia akilia. Nikakaa sakafuni na mimi, nikajiona mtu wa hovyo kabisa.

Baadaye nikauliza kupitia mlangoni kuhusu mradi wenyewe. Akajibu kwamba anao kwenye flashi, tangu mwaka ule nilipoiweka kompyuta ndani ya ngoma. Afadhali. Lakini flashi haina kamera, na jopo linataka kumwona.

Ijumaa, 7 Juni

Sikwenda karakana. Tangu alfajiri nimekausha ubao kwa kikausha nywele cha Mwalimu. Saa tano ukawaka. Nikamwita Mama ashuhudie. Dakika kumi baadaye ukazima kwa joto, maana friji iliyozimwa na kufungwa ni sufuria yenye kifuniko. Nikiwasha friji, jasho. Nikiizima, joto. Kuutoa ubao nje siwezi, riveti zangu hazina mchezo, na kulikata povu ni kuzikata nyaya.

Zinahitajika feni mbili ndogo.

Nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa Shemeji. Feni zangu nimeziona kwa macho yangu ndani ya kasha lake la vioo, amezivisha taa za kijani. Kabla sijafungua mdomo akasema Mama amemsimulia. Akasema kompyuta yake ipo, kesho Mwalimu aje, atamwachia chumba kizima, atafunga kibanda ili asikae na kelele za wateja. Alisema kwa upole tu, hata hakutabasamu.

Na hapo ndipo nilipoharibika. Angejishaua ningekubali. Upole ule ndio ulionishinda. Nikamwona Mwalimu kwenye kile kiti, amefaulu, anazunguka. Nikasema ahsante, shemeji yangu, mambo yote yametengemaa. Feni hata sikuziomba.

Nyumbani nikamwambia Mwalimu kwamba Shemeji ana wageni. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Ni uongo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimegundua jinsi ya kuifanya ikae hai: friji izimwe, mlango uwe wazi, na mtu apepee bila kuacha. Sasa sikiliza. Skrini na kamera viko mlangoni. Mlango ukifunguka, skrini nayo inatazama ukutani. Kwa hiyo Mwalimu, gauni la buluu, nywele safi, alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango huo, kati ya kabati la vyombo na ukuta, magoti yamemgusa kidevu. Na kwa kuwa fundi mmoja hodari aliiegemeza friji nyuma, mlango ulitaka kujifunga kila sekunde. Mama akauzuia kwa mgongo, mikono ameikunja. Mimi mbele ya friji na kifuniko cha sufuria kubwa, napepea.

Saa nne kamili jopo likatokea. Mwalimu alianza kwa sauti ya kutetemeka, halafu akakaa sawa. Sikuwahi kumsikia akieleza kazi yake. Miaka minne namwona na makaratasi, sikuwahi kuuliza ndani kuna nini. Alisimulia mtoto mmoja aliyekuwa hasemi darasani, akaanza kuhesabu kwa sauti siku alipopewa vizibo vyake mwenyewe, vya kumiliki. Machozi yalinitoka. Sikuweza kuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

Dakika ya ishirini mwenyekiti wa jopo akauliza ile pwa, pwa, pwa ni nini, kuna mtu anafua? Mwalimu akasema ni mume wake, anaipepea kompyuta. Mwenyekiti akasema haya, aendelee.

Dakika ya thelathini na tano picha ikaganda. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, nilikuwa nimepunguza mwendo. Mwalimu akanitazama kupitia upande wa mlango. Sijawahi kuona mtu anaomba namna ile kwa macho. Nikabadilisha mkono, nikapepea kama mwenye kichaa, Mama akapepea kwa kanga yake mgongo ukiwa bado mlangoni. Picha ikarudi. Mwenyekiti alikuwa bado yupo, anasubiri.

Amefaulu. Marekebisho madogo, ukurasa wa arobaini na tatu. Tulikumbatiana watatu pale kati ya kabati na ukuta. Mlango wa friji ukajifunga wenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji alikuja kumpongeza dada yake. Akamuuliza, bila ubaya wowote, kwa nini hakwenda jana, na yeye alifagia chumba na kufunga kibanda.

Nilijifanya natafuta kitu uvunguni mwa kiti.

Mwalimu alingoja mpaka mdogo wake aondoke. Akasema friji si kitu, friji ingemchekesha hata uzeeni. Kilichomuuma ni kwamba nilikuwa radhi yeye aanguke, kuliko akakae kwenye kiti cha mwenzangu. Ni kweli. Nikamwomba msamaha, si wa mdomoni. Akasema amenisamehe, nimpe siku mbili tatu uso umkunjuke. Vyombo naosha mimi.

Mama ameirudisha kabichi ndani ya friji. Nimemshikia mlango.

Jumatano, 12 Juni

Habari njema zimefuatana. Chuo kimempigia simu Mwalimu, kinataka awasaidie wanafunzi wapya kwa video, jioni mbili kwa wiki. Anaimba jikoni. Na Shemeji amemletea kompyuta yake ndogo ya zamani, ile ya kukunja. Nimempokea vizuri kabisa, nimemkaribisha chai, wivu nimeutupa. Nimejifunza. Mtu akikosea anajirekebisha, ndiyo utu uzima.

Uso wa Mwalimu umekunjuka. Ila kuna jambo limenishangaza. Hiyo kompyuta ndogo hakuiweka mezani. Ameiweka ndani ya sanduku la bati la Mama, lile lenye vishikio viwili, chini ya kitanda, akalifunga kwa kufuli.

Nimelitazama sanduku lile nusu saa. Bati nene. Pembe zimepigwa shaba. Maji hayaingii. Kumbe mke wangu naye ana jicho la makasha, na miaka yote hii hakuniambia! Kilichompita ni kimoja: hewa. Si kosa lake, haya mambo ana wa kumsaidia humu humu ndani. Bomba jembamba la shaba likizungushwa ndani, maji ya tangi yapite taratibu, kitu hicho kitakaa baridi mwaka mzima na hakitatoa hata tone. Alhamisi ijayo ana darasa lake la kwanza. Nina siku nane, zinanitosha.

Leo alipokwenda kuoga nimelivuta sanduku, nimelipima: urefu, upana, kina. Kulifungua sikuweza. Ufunguo ameufunga kwa uzi, anauvaa shingoni, anaoga nao, analala nao. Sijui anamwogopa nani, mtaa wetu hauna wezi.