Sampuli Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeaminiwa! Bwana Masese, afisa wetu wa usalama wa vyakula, amenipa kazi ya kutunza sampuli sita za odowa, yale mawe laini ambayo wanawake hutafuna, hasa wajawazito. Yamenunuliwa soko la Daraja Mbili kwa wauzaji sita. Alhamisi yanakwenda maabara Kisumu kupimwa kama yana risasi, ile madini yenye sumu. Nisipoharibu, tarehe 21 ninathibitishwa kazini. Nikiharibu, nirudi kwa mama Homa Bay. Nikasema ndiyo, bwana.

Sikumwambia kwamba mimi hutafuna odowa tangu darasa la sita. Mimi si mjamzito. Ni ile harufu tu, ya vumbi likinyeshewa!

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma mwongozo wa kukadiria hatari, kurasa arobaini, mara mbili. Unachukua kiasi cha risasi mtu anachokula kwa siku, unagawanya kwa uzito wa mwili wake. Nikajikadiria mwenyewe. Kilo hamsini na moja. Nimevuka kiwango salama! Jasho. Kisha nikaona mwanya: nikinenepa, jibu linapungua! Mchana nimekula chapati tano. Sheryl wa meza ya pili, anayeitaka nafasi yangu, akauliza kama kwetu kuna njaa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Saa tisa mvua ikanyesha. Ofisi nzima ikanukia. Nikafungua bahasha namba nne, kuhakiki tu. Nikahakiki kipande kimoja. Nikahakiki kingine. Bahasha tupu! Sheryl akaingia, akasema, wewe Adongo, mbona mdomo una unga? Nikasema ni dawa ya tumbo. Akanipa pole, kwa sauti ya mtu anayeweka kumbukumbu.

Nikakimbia sokoni. Muuzaji namba nne, Mama Nyamoita, yuko Ekerenyo kwa arusi ya bintiye hadi Jumatatu. Jirani yake akasema, lakini dada, si uchukue yangu, jiwe ni jiwe! Nikakataa. Huo ni udanganyifu, nami ni mtu mwangalifu.

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri nimechukua ugali wa jana, nikaukausha kwenye jiko la makaa hadi ukawa mgumu, nikausugua kwa majivu. Jiwe kabisa! Bahasha, gundi, muhuri. Sheryl akaunusa muhuri, akauliza mbona namba nne inanukia jikoni. Nikasema sokoni kuna hoteli nyingi. Gari limeondoka. Chapati sita, kwa hofu.

Jumatano, 19 Machi
Majibu! Sampuli tano zina risasi kupita kiasi. Namba nne: risasi haikuonekana. Chini yake wameandika: ina wanga mwingi. Nikajua nimekwisha. Bwana Masese akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akasema miaka ishirini kazini hajaona jiwe lenye lishe. Sheryl akasema mawe hayana wanga, bwana, hata mtoto anajua. Akaambiwa aende basi akafungue maabara yake.

Ijumaa, 21 Machi
Nimethibitishwa! Barua ninayo, na muhuri wake. Sheryl hajanipa mkono.

Bwana Masese hataki kuwatangazia wajawazito chochote kabla ya kupima tena. Busara. Leo yeye mwenyewe amenunua mifuko mitatu kwa Mama Nyamoita, iende Kisumu Jumatatu. Sheryl akaomba aitunze yeye. Akajibiwa kwamba kazi hiyo inataka mtu mwangalifu. Iko kwenye kabati langu. Ufunguo ninao mimi.

Nimepima uzito: kilo hamsini na nne. Hesabu inaniruhusu. Tena risasi hakuna, maabara yenyewe imesema! Nje wingu limetanda juu ya kilima cha Nyanchwa. Matone ya kwanza. Nitafungua mfuko mmoja, kuhakiki tu.

Ugali wa jana upo.