Wimbo Wangu Hauna Mbwa

Jamani, leo nimefedheheka mbele ya kanisa zima. Na bado nasema: wimbo ni wangu!

Kwa wasionijua, mimi ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii hapa Karatu, upande wa kuelekea geti la Ngorongoro. Jumapili ni mwalimu wa kwaya. (Malipo ya kazi hii ya pili ni soda na lawama.)

Kwa muda mrefu nimekuwa natunga wimbo mpya. Natunga nikimenya viazi, natunga nikikoroga supu ya maboga. Mahadhi yenyewe yalinijia asubuhi moja ya baridi kali, ukungu umeshuka hadi dirisha la jikoni. Nikajua huu ni ufunuo. Kiitikio nikakiweka hivi: "Unijie Bwana, lango nimefungua." Mtamu huo! Wanakwaya walipoufanyia mazoezi waliushika jioni ileile. Hata besi, watu ambao wimbo wa Krismasi huwa wanaujua vizuri Pasaka! Nikajipongeza. Nimeiva, nikasema. (Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.)

Basi leo ndiyo siku yenyewe. Mkuu wa Jimbo, mchungaji anayesimamia sharika zetu zote, amekuja kubariki paa jipya, na hapohapo anachagua kwaya moja itakayokwenda kwenye tamasha Arusha. Tunashindana na kwaya ya wageni kutoka Mbulumbulu, akina mama wenye vitenge vipya, wamesimama wamenyooka kama shamba la ngano. Waliimba vizuri, sikatai. Mimi nikatabasamu tu. Ngojeni.

Tukapanda kwenye ngazi za mbele. Mpiga kinanda wetu anaitwa Bura. Jumamosi anapiga harusini, Jumapili anapiga kanisani, na mdundo ni uleule, anachobadilisha ni shati. Akaanza utangulizi.

Vijana wa safu ya nyuma ya kwaya wakatazamana.

Mimi niko mbele, mgongo kwa waumini, naona nyuso za wanakwaya tu. Nasikia nyuma yangu watu wanachangamka. Viatu vinagonga sakafu. Mama mmoja akapiga kigelegele. Nikawaza, Roho ameshuka mapema leo! Nikapandisha mikono, nikaongeza kasi. Nilirusha na bega kidogo. (Naomba wenye video waifute.)

Tukafika kiitikio. Kwaya ikaimba, "Unijie Bwana, lango nimefungua!" Na nyuma yangu, waziwazi, upande mzima wa vijana ukajibu:

"Nipitie nyuma, mbwa nimemfunga!"

Ndugu zangu. Kuna wimbo mmoja unapigwa kwenye baa za hapa mjini, wa mwanamke anayemwelekeza hawara wake njia ya kuingia mume akiwa safarini. Mimi baa siendi. Ule wimbo siujui. (Naujua kidogo, kwa sababu dirisha la jiko linatazama maegesho, na madereva wa watalii hawana adabu na redio zao.)

Nikageuka, nikawakazia macho, wakanyamaza. Nikamwashiria Paskalina, sauti yetu ya kwanza, aingie na ubeti wa pili peke yake. Paskalina ni mwanamke mcha Mungu, mke wa mzee wa kanisa. Akafumba macho, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akaimba kwa uchungu mpaka paa jipya likatetemeka:

"Nipitie nyumaaa..."

Alifumbua macho mwenyewe, amechelewa. Bura naye badala ya kuzima kinanda akaenda nao hadi mwisho, na madoido juu! Kanisa zima lilivunjika mbavu. Watu walilia kwa kicheko, wengine wamejifunika kanga. Paskalina alikaa chini palepale kwenye ngazi.

Mkuu wa Jimbo akasimama. Akavua miwani, akaifuta.

"Mwalimu," akasema, "wimbo ni mzuri. Lakini huyo mbwa yuko wapi?"

Mtu mwenye akili angeomba radhi akakaa. Mimi nikachukua maikrofoni.

"Baba Mkuu, nota ni saba tu! Mungu angetaka nyimbo zisifanane angetupa thelathini! Hao wa baa ndio waulizwe walitoa wapi!"

"Umewasikia wao kwanza, au wao walikusikia wewe?"

"Mimi napika, Baba. Sisikilizi vitu."

Nikaketi, kichwa juu. Masikio yanawaka, lakini kichwa juu.

Ibada ilipoisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao na mifugo. Hakuna aliyenunua hata kuku, ubishi ulikuwa juu yangu. Bibi mmoja Mwiraqw akasema kwani mnabishana nini, huo ni wimbo wao wa kuchezea ngoma walipokuwa wasichana. Akaucheza. Mlinzi wetu, Mmasai wa Soitsambu, akacheka: huo morani wanauimba wakirudi na ng'ombe. Dereva mmoja akaapa kwamba ni uleule wanaowaimbia watalii kwa makofi kwenye keki ya siku ya kuzaliwa. Kila mmoja akauimba wake, na kweli, ukifumba macho, ni mmoja! Nikasimama katikati yao nikasema, "Mnaona? Wote wezi, mimi peke yangu ndiye mnayemwita mwizi!"

Mkuu wa Jimbo akaniita pembeni. Wanaokwenda Arusha, akasema, ni wale wa Mbulumbulu. Nikibadilisha mahadhi, mwakani atatufikiria.

"Nitabadilisha maneno ukitaka, Baba. Mahadhi hapana."

Akanipa mkono, akaingia kwenye gari. Gari linageuka nikamsikia anapiga mluzi. Sitasema anapiga mluzi wa nini.

Nyumbani nikategemea faraja. Mke wangu, Mama Neema, aliniwekea ugali, akakaa.

"Baba Neema, mimi nilijua. Hata jana ulikuwa unauimba bafuni, ule wa mbwa."

"Nilikuwa naimba Bwana!"

"Ulisema mbwa."

"Povu liliniingia mdomoni!"

Akaondoka na bakuli la mboga, mabega yanamtetemeka.

Sasa hivi nimekaa hapa na simu, ujumbe unaingia mfululizo. Wa mwisho ni wa Bura: kuna harusi Jumamosi, wenyewe wanautaka wimbo wangu, maneno yoyote tu. Nimemjibu ndiyo, ila nitangazwe kwa jina kamili kuwa ndiye mtunzi.

Nanyi mnaotaka kucheka, chekeni. Ila kila mtu acheke kicheko chake mwenyewe, nisisikie viwili vinafanana.