Mchekeshaji wa Mfalme wa Blaine

Jumatatu, 6 Oktoba
Mzee Wanjala anastaafu uenyekiti wa kanisa letu la Wakenya hapa ughaibuni, Blaine. Jumapili kamati itachagua nani atamtengenezea picha ya ukutani. Ni mimi ama Sydney. Sydney ana kamera. Mimi nina brashi na masomo ya YouTube!
Leo nimeona kitu. Wafalme wa Uhispania zamani waliweka wachekeshaji ikulu, na wachoraji wakawachora. Hakuna hata mmoja anacheka! Wanakuangalia kama watu wamenyimwa likizo. Na aliyewachora hao alimchora na mfalme mwenyewe. Basi. Natafuta mchekeshaji, nimchore kama sampuli ya kuonyesha kamati.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimempata. Eliakim, MC wa kila harusi ya Wakenya huku. Ametoka shifti, bado na sare ya kazi. Nikamkalisha chini, miguu mbele, nikamwambia asicheke. Akauliza nani amekufa. Nikamweleza ni cheo kikubwa, mchekeshaji wa mfalme. Akauliza mfalme ni nani. Nikasema Mzee Wanjala. Kosa!

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama Kemunto, mke wa Mzee, amepiga simu. Eliakim amemwambia yote. Akauliza, kama bwanake ni mfalme, yeye ni nani hapo. Nikasema malkia. Halafu akakubali kuniazima khanga yake, leso mpya kabisa, ya kufunika picha, tuizindue kwa heshima.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimefunika picha asubuhi. Rangi ya mafuta. Kumbe haijakauka! Mama Kemunto akavuta leso mbele ya kanisa lote, na uso wa Eliakim ukaenda nayo. Kwa picha, miguu tu. Kwa leso, pua.
Mzee akacheka mpaka miwani ikaanguka. Sydney akapewa kazi palepale. Eliakim peke yake hakucheka. Alisimama na maikrofoni yake, akaniangalia vile wale wa Uhispania wanaangalia. Hatimaye! Na sikuwa na brashi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mzee amepiga simu. Ati kutoka leo nisikose sherehe yoyote. Nikae karibu na yeye, chakula kipo. Brashi niache nyumbani, nije tu na ile leso niwahadithie wageni. Eliakim apumzike kidogo.
Nimeingia ikulu!
Jumamosi wanakuja wageni wa Lakeville. Nimeanza kumchora Mzee kwa siri, saizi ya mlango. Rangi ya mafuta. Dada yangu Fiona nimeshamuomba leso mbili.